Kutoka barabarani hadi ndani ya behewa: mwongozo kamili wa kuboresha stesheni kongwe za reli kwa ajili ya watu wenye ulemavu

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ile ya Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadhi ya stesheni za wakati ule bado zinapokea abiria. Ukizitazama vizuri utaona jambo moja: kwenye ofisi ya vifurushi kuna mlango mpana na sakafu ya kupitisha mikokoteni, na mwisho wa jukwaa kuna mteremko wa kushusha shehena. Abiria yeye amewekewa ngazi. Mzigo ulijengewa mteremko, mtu akaachiwa apande mwenyewe.

Wanaojaribu kurekebisha hali hii huanza mlangoni, upande wa barabara. Wanamwaga zege la mteremko, wanachora alama ya kitimwendo, wanapiga picha, kazi imekwisha. Abiria akifika jukwaani anakuta mlango wa behewa uko usawa wa kifua chake, chini yake kuna vidaraja vya chuma vyembamba. Hapo wanaitwa vijana wawili wambebe, mmoja kwapani, mwingine miguuni, mbele ya stesheni nzima. Nimeona watu wazima wenye familia na heshima zao wakifanyiwa hivyo, na ninaamini hakuna sababu ya kiufundi inayotulazimisha kuendelea. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mlango wa behewa na kurudi nyuma hadi barabarani.

Sheria ipo upande wako. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja wazi haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inagusa usafiri moja kwa moja. Yataje haya kwenye barua ya kuombea fedha, kisha uingie kazini.

Hatua ya 1: Kusanya watu watakaoitumia stesheni

Usiite mhandisi kwanza. Ita mtu anayetumia kitimwendo, mwingine mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukuma kwa mikono, asiyeona anayetumia fimbo nyeupe, mwenye uoni hafifu, kiziwi pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, mtu mwenye ualbino, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Kwa Tanzania, matawi ya vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, yatakusaidia kuwapata mkoani kwako. Walipeni nauli na posho kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, maana huo ndio utaalamu wenyewe.

Nendeni stesheni siku ya treni, si siku tulivu. Treni za safari ndefu hupita baadhi ya stesheni usiku wa manane, hivyo nendeni na usiku pia: jukwaa ambalo mchana linapitika vizuri huwa jambo jingine taa moja inapowaka upande wa ofisi na kwingine kote ni giza. Kila mmoja apite njia nzima: kushuka kwenye bodaboda au daladala, kununua tiketi, kwenda chooni, kungoja, kupanda, kushuka. Mtu wa kuandika aandike kila mahali aliposimama, alipouliza na aliposhikwa mkono bila kupenda.

Hatua ya 2: Pima

Vifaa ni vichache: futi kamba ya mita 5, nyingine ya mita 30, pima maji, ubao ulionyooka wa mita 2 na chaki. Kwenye njia ya reli usikanyage bila ruhusa ya stesheni masta na mtu wa kulinda.

Chukua kwanza vipimo vitatu: kimo cha jukwaa kutoka juu ya reli, kimo cha sakafu ya behewa mlangoni kutoka juu ya reli, na umbali wa kulala kati ya ukingo wa jukwaa na kizingiti cha mlango. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa jukwaa. Kama jukwaa limejipinda kufuata kona ya reli, pengo litakuwa kubwa mahali fulani na dogo kwingine, na ni pale penye pengo dogo utakapopachagua. Pima behewa likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, kwa sababu springi hushuka.

Uliza pia mara ya mwisho kokoto ziliongezwa lini. Kila njia inapoongezewa kokoto na kunyanyuliwa, reli hupanda na jukwaa hubaki palepale. Jukwaa lililokuwa na kimo cha kutosha zama za mkoloni linaweza kuwa fupi leo bila mtu kuligusa, na kipimo cha miaka kumi iliyopita hakifai kujengea.

Halafu pima mambo ya jengo: upana wa kila mlango ukiwa wazi, kimo cha kila kizingiti, kimo cha dirisha la tiketi, na tofauti ya kimo kati ya barabara na jukwaa.

Hatua ya 3: Mita moja ya mwisho

Hapa ndipo fedha na akili nyingi ziende.

Tuchukulie kwamba sakafu ya behewa iko sm 70 juu ya jukwaa. Mteremko wa kubebeka wa kupandia treni, ukiwa na msaidizi, haufai kuwa mkali kuliko 1 kwa 8, yaani kupanda sm 1 kwa kila sm 8 za urefu. Piga hesabu: sm 70 mara 8 ni mita 5.6. Ubao wa urefu huo haubebeki na majukwaa mengi ya zamani hayana upana wa kuulaza. Ukiufupisha hadi mita 2, kiti kinarudi nyuma na kumwangusha aliyemo pamoja na anayesukuma. Kwa hiyo ukiona mteremko wa mita 2 umenunuliwa kwa ajili ya behewa lenye sakafu ya juu hivyo, ujue hakuna aliyepima. Njia zinazofaa ni tatu.

Ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa stesheni nyingi, ni kuinua kipande cha jukwaa badala ya jukwaa zima. Huko Harrington, stesheni ndogo ya Cumbria kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 2008 waliweka kipande kilichoinuliwa juu ya jukwaa la zamani, mahali unaposimama mlango mmoja wa treni. Gharama ikawa sehemu ndogo ya ile ya kulijenga upya jukwaa lote, na mtindo huo ukaenea kwenye stesheni nyingine za nchi hiyo ukiwa na jina la stesheni ile.

Kwa mfano wetu, inua kipande kwa sm 50. Sehemu ya juu iliyo tambarare iwe na urefu wa mita 6 hivi, ili dereva asiposimama sawasawa mlango usiukose usawa. Kila upande shusha mteremko wa 1 kwa 20, yaani mita 10, au 1 kwa 12, yaani mita 6, kama nafasi ni finyu. Sm 20 zinazobaki utazimaliza kwa ubao wa mita 1.6 ambao mtu mmoja anaubeba. Upana wa juu usipungue mita 1.5, kwani hiyo ndiyo nafasi ya kitimwendo kuzunguka, na mita 2 ni bora zaidi. Upande usio wa reli uwekewe kishikio na kwa chini kingo ndogo yenye kimo cha sm 10 ili gurudumu lisichomoke. Maji ya mvua yapewe mahali pa kutokea. Nimeona miteremko mizuri inayoishia kwenye dimbwi.

Jambo la kutofanyia mzaha: ukingo wa kipande hicho haupaswi kuingia kwenye nafasi ya treni kupita. Njia ileile hupitisha mabehewa ya mizigo, mengine mapana kuliko ya abiria. Mchoro lazima upitishwe na wahandisi wa njia wa shirika la reli, na kwa Tanzania uangalie pia matakwa ya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu. Njia ya reli ya mita moja na ile ya TAZARA yenye upana wa mm 1,067 hazina vipimo sawa, basi usinakili mchoro wa stesheni ya reli nyingine.

Njia ya pili ni jukwaa dogo la kunyanyulia lenye magurudumu, linalopandishwa kwa kuzungusha mpini. Marekani wanalitumia kwenye stesheni zenye majukwaa ya kimo kidogo. Halihitaji umeme, na fundi mchomeleaji mzuri anaweza kulitengenezea vipuri vyake hapahapa. Lakini linahitaji mtu aliyefundishwa, lifungwe kwa kufuli, na lilainishwe kwa grisi kila mwezi hata kama halikutumika. Wanunuzi wa chuma chakavu wanazijua stesheni zetu vizuri kuliko tunavyodhani.

Njia ya tatu ni kubadilisha behewa. Milango ya mabehewa ya zamani ni myembamba, na vitimwendo vingi vina upana wa sm 60 hadi 70. Omba shirika la reli liwe na behewa moja tu kwa kila treni lililotolewa viti vya karibu na mlango, mlango ukapanuliwa hadi sm 85 au 90, na choo kikaongezwa nafasi. Wakati mnasubiri hilo, nunueni kiti chembamba cha kuhamia, cha upana wa sm 40 hivi, ambacho mtu anakalia kwa hiari yake kutoka mlangoni hadi kwenye nafasi yake.

Msikubali mtu asafirishwe kwenye behewa la mizigo. Uingereza ilifanya hivyo kwa miaka mingi, wenye vitimwendo wakisafiri chumba cha gadi, yaani msimamizi wa treni, pamoja na vifurushi. Baiskeli ya magurudumu matatu ndiyo iende huko, kwa sababu haipiti mlangoni. Ipokelewe bila malipo, ifungwe lebo yenye jina la stesheni ya kushukia, na gadi awe na namba ya behewa la mwenyewe. Mtu akishuka na baiskeli yake ikaendelea na safari, mmemkata miguu.

Hatua ya 4: Treni isimame mahali pamoja

Hii haina gharama ya saruji, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kipande kilichoinuliwa hakina maana kama behewa husika linasimama mita 40 mbele yake.

Wekeni kibao kando ya njia kinachomwonyesha dereva kichwa cha treni kisimame wapi. Behewa lenye nafasi ya kitimwendo lipangwe sehemu ileile ya treni kila safari. Na stesheni yenye njia zaidi ya moja, stesheni masta aipokee treni hiyo kwenye njia iliyo jirani na jukwaa kuu, hata kama kwa kupishana ingekuwa rahisi kuipeleka njia ya pili. Njia ya pili mara nyingi haina jukwaa kabisa, na abiria hushukia kwenye kokoto. Stesheni aliyopandia abiria ipige simu stesheni ya kushukia: behewa namba fulani, mtu mmoja, kitimwendo. Iandikwe kwenye kitabu kama inavyoandikwa treni yenyewe, ili zamu ikibadilika taarifa isipotee.

Hatua ya 5: Kuvuka reli

Kama abiria lazima avuke njia, msijenge daraja la ngazi na kulihesabu kuwa ni suluhisho. Daraja la juu bila lifti au mteremko mrefu linamfungia nje yuleyule mnayemkusudia.

Kivuko cha usawa wa reli kinafaa kwa stesheni yenye treni chache zinazopita polepole, mradi kilindwe. Jazeni kati ya reli kwa mbao ngumu au vibao vya zege hadi usawa wa juu ya reli. Kando ya kila reli, upande wa ndani, lazima kubaki mfereji wa ukingo wa gurudumu la treni, na mfereji huo unatosha kunasa magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo. Ndiyo maana kivuko kiikate reli kwa pembe mraba, kamwe kisiikate kwa mshazari, na kiwe na upana wa mita 1.8. Pande zote mbili wekeni vigae vya vinundu vya kumwambia asiyeona asimame. Zamu ya kuvusha watu awe nayo mtu anayejulikana kwa jina.

Hatua ya 6: Ukingo wa jukwaa

Vigae vya vinundu vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, na vikatandazwa kwa mara ya kwanza barabarani Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Kanuni yake ni rahisi: vinundu maana yake simama, mistari mirefu maana yake fuata. Mafundi wasiozijua huvichanganya kwa ajili ya urembo, na wakifanya hivyo wamemwekea asiyeona mtego. Msimamizi awepo siku ya kuvitandaza.

Mstari wa vinundu upite jukwaa lote, sm 50 au zaidi kutoka ukingoni, ili fimbo au mguu uugundue mtu akiwa bado na hatua ya kurudi. Rangi iwe ya manjano iliyokolea juu ya zege la kijivu. Ukingo wenyewe upakwe chokaa au rangi nyeupe na kurudiwa kila mwaka. Ondoeni meza za wauza chai, mizani na magunia kwenye njia ya mistari. Ongeeni na wafanyabiashara, wachorewe sehemu yao, maana wakifukuzwa leo watarudi kesho.

Kivuli pia ni sehemu ya kufikika. Kwa abiria mwenye ualbino, saa tatu za kungoja treni kwenye jua la Dodoma ni madhara ya ngozi. Paa la bati lifike hadi pale behewa lenye nafasi linaposimama, na kuta zinazoelekea jua zisipakwe nyeupe inayoumiza macho. Vishikio vya chuma vilivyo juani huunguza mikono, kwa hiyo vipakeni rangi hafifu au viwekeni kivulini.

Hatua ya 7: Jengo lenyewe

Sasa rudi kwenye ule mlango wa vifurushi. Kabla ya kuvunja ngazi za mawe au tao la mlango mkuu, angalia kama mlango wa mizigo unaweza kuwa mlango wa abiria wote. Sisemi wa walemavu peke yao, kwamba wapite uani huku wengine wakiingia mbele. Kibao cha jina la stesheni, taa na foleni ya tiketi vihamie huko, watu wote waufuate. Jengo la kale linabaki salama na hakuna aliyetengwa.

Isipowezekana, jengeni mteremko wa pembeni wa 1 kwa 12 au mpole zaidi, upana mita 1.2 au zaidi, na kila baada ya mita 9 pumziko tambarare la mita 1.5. Ngazi tatu za sm 15 ni mwinuko wa sm 45, yaani mita 5.4 za mteremko. Ujengwe ukiwa umeachana na ukuta wa zamani kwa kiungo, ili siku moja uweze kuondolewa bila kubomoa jiwe. Vishikio viwe pande zote mbili, kimo cha sm 85 hadi 95. Sakafu isuguliwe kwa ufagio zege likiwa bichi. Terazo inayong'aa huteleza ikilowa.

Dirisha la tiketi lina kimo cha mtu aliyesimama. Shusheni sehemu moja hadi sm 80, na chini yake pawe wazi magoti yaingie. Kama ukuta haugusiki, wekeni meza nje ya dirisha na karani atoke. Ni utaratibu mzuri tu.

Choo kinahitaji mlango wa sm 90 unaofunguka nje, nafasi ya mita 1.5 ya kuzunguka, kiti cha kukaa chenye kimo cha sm 45 hadi 48, vishikio vilivyofungwa kwa boliti ukutani, na bomba ambalo mtu aliyekaa analifikia. Vyoo vingi vya stesheni vimejengwa juu ya shimo na vina ngazi mbili tatu mbele, hivyo mteremko wake uingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na kisigeuzwe stoo ya mafagio.

Hatua ya 8: Taarifa kwa asiyeona na kwa asiyesikia

Baadhi ya stesheni bado zina kipande cha reli kilichoning'inizwa, kinagongwa treni ikikaribia. Kiziwi haisikii kengele hiyo; anawaona watu wakisimama naye anasimama. Wekeni ubao mweusi mkubwa, katikati ya ubao usizidi mita 1.5 kutoka chini, andikeni kwa herufi nene saa, treni na njia, na mfute mara ratiba inapobadilika. Msitumie bendera nyekundu wala ya kijani kuwaita abiria. Hizo ni amri kwa dereva. Kwa asiyeona, kila kilichoandikwa kisomwe kwa sauti, pamoja na kuchelewa. Nauli na ratiba ziwepo pia kwa nukta nundu kwa karani, na namba za mabehewa ziwe na tarakimu zilizoinuliwa zinazoguswa kwa vidole.

Hatua ya 9: Wafanyakazi

Wafundishwe na watu wa kile kikundi cha hatua ya kwanza, jukwaani, si ukumbini. Kumuuliza mtu kabla ya kumgusa. Kumpa asiyeona kiwiko ashike yeye, badala ya kumvuta mkono. Kuzungumza na abiria, si na aliyefuatana naye: "Mama, unapenda tupitie wapi?" na si "Huyu anakwenda wapi?" Kumtazama kiziwi usoni. Kufunga breki za kitimwendo kabla ya kuweka ubao. Wachukuzi wafundishwe pia, kwani wao ndio wanaoitwa kwanza.

Mpangilio wa fedha na majaribio

Mwezi wa kwanza wa kazi fanyeni yasiyo na gharama: kibao cha mahali pa treni kusimama, simu kati ya stesheni, ubao, mafunzo, kuondoa vizuizi. Kisha taa, rangi, vinundu na meza ya tiketi. Kipande cha jukwaa, choo na kivuko vifuate, saruji imwagwe nje ya masika. Tengeni kila mwaka fungu la matengenezo kwenye bajeti ya stesheni yenyewe, maana fedha za mfadhili hujenga na kuondoka.

Kabla ya kumlipa mkandarasi malipo ya mwisho, kikundi kilekile kirudi, siku ya treni, na usiku. Mwenye kitimwendo anunue tiketi, apande, asafiri hadi stesheni inayofuata, ashuke, arudi. Mhandisi aende naye akiwa na futi kamba, na popote mtu atakapolazimika kubebwa, cheti cha kukamilika kwa kazi kisisainiwe.